Michezo ya theluji ya wanafunzi yazidi kulemea wenyeji

WAHENGA walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa miji inayoandaa mashindano ya dunia ya michezo ya majira ya baridi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, methali hiyo imepinduka: wageni huja, wakashindana na kwenda zao, naye mwenyeji akabaki na deni.

Mashindano hayo, ambayo kwa miaka mingi yaliitwa Universiade, husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Vyuo Vikuu (FISU), na hupangwa kufanyika kila baada ya miaka miwili. Yalianza mwaka wa 1960 mjini Chamonix, Ufaransa, mwaka mmoja baada ya yale ya kiangazi kuzinduliwa Turin, Italia, kwa juhudi za Primo Nebiolo. Wakenya walikuja kumfahamu Nebiolo kama rais wa shirikisho la riadha duniani, IAAF, kuanzia 1981 hadi 1999.

Ugumu wa michezo hii ni kwamba haiwezi kuchezewa popote. Mashindano ya kuteleza mlimani huhitaji miteremko mirefu yenye theluji, nayo hoki ya barafuni huhitaji ukumbi wenye mitambo ya kugandisha maji. Isitoshe, wanafunzi hawavutii wadhamini na mamilioni ya televisheni kama wanavyofanya wanamichezo wa Olimpiki. Hivyo basi, gharama humwangukia mlipa ushuru.

Dalili za kulemewa zilianza kuonekana zamani. Maribor, Slovenia, ilikuwa imetunukiwa mashindano ya 2013, lakini msukosuko wa kiuchumi ulipoikumba nchi hiyo, fedha za serikali zikakosekana. Mwaka wa 2012 mji huo ulipoteza nafasi hiyo, na eneo la Trentino, Italia, likayaokoa mashindano. Wakenya wanaielewa fedheha ya aina hiyo: mnamo 2017, Kenya ilipokonywa fainali za kandanda za CHAN za 2018, ambazo zilipelekwa Morocco kwa sababu maandalizi yalikuwa yamezorota.

Mnamo 2015 zamu ilikuwa ya Granada, Uhispania. Hata hivyo, sehemu ya michezo ililazimika kuhamishiwa Slovakia. Kisha likaja janga la Covid-19. Mashindano ya Lucerne, Uswisi, yaliahirishwa kutoka Januari hadi Desemba 2021, na hatimaye yakafutwa siku chache tu kabla ya kufunguliwa, Uswisi ilipoweka masharti makali ya usafiri kufuatia aina mpya ya virusi, Omicron.

Lake Placid, Marekani, iliyoandaa mashindano ya Januari 2023, ilikuwa na viwanja tayari, kwani iliwahi kuwa mwenyeji wa Olimpiki mnamo 1932 na 1980. Hata hivyo, jimbo la New York lilitumia zaidi ya dola milioni 500 kuvikarabati viwanja na miundombinu yake. Ikiwa hata mwenye nyumba hugharimika kiasi hicho, anayeanza kujenga msingi atapona vipi?

Turin ilionyesha njia nyingine. Mashindano ya Januari 2025 yalitegemea viwanja vilivyokuwapo, baadhi vikiwa vimetumika katika Olimpiki ya 2006. Yale ya 2027 yametengewa Changchun, China, mji ambao nao uliwahi kuandaa michezo ya Asia ya majira ya baridi mwaka wa 2007.

Mtu anaweza kudai kwamba kutegemea wenyeji wa zamani kunazifungia nje nchi nyingine. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake si kupokea ahadi za viwanja visivyojengwa. Uhispania na Slovakia ziligawana mzigo kwa kulazimika; FISU inaweza kuufanya ugavi huo kuwa mpango wa kawaida, ili nchi yenye ukumbi wa barafu lakini isiyo na milima ishirikiane na jirani yake.

Wanaoumia mwenyeji anaposhindwa ni wanafunzi. Kutoka mashindano ya Krasnoyarsk, Urusi, mwezi Machi 2019, hadi yale ya Lake Placid, ilipita takriban miaka minne. Huo ndio muda wa shahada nzima katika vyuo vingi. Kuna waliojiunga na chuo, wakafanya mazoezi na kuhitimu bila kuiona hata siku moja ya mashindano hayo.