Bukari si kosa

Mwezi wa tano mwaka huu, katika zoezi la kutafsiri, tulipewa habari fupi ya mapishi ya nyumbani. Mwandishi wake alikuwa mtu wa nchi ya baridi anayepika wakati majani ya miti yanapopukutika: mkate wa maboga wa kuoka, kisha arroz caldo, uji wa mchele wa Wafilipino wenye kuku na tangawizi. Mwishoni tulitakiwa kuongeza aya moja juu ya chakula kama hicho kwetu. Mimi ni mtu wa Kasaji. Niliandika juu ya bukari ya muhogo, sombe, na kikanda anachopika kambo wangu baridi ya mwezi wa sita inapoanza kuuma. Karatasi iliporudi, arroz caldo ilikuwa salama. Bukari ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu na juu yake kuandikwa ugali. Sombe ikawa kisamvu. Kambo akawa bibi. Kikanda kiliwekewa alama ya kuuliza.

Sisemi haya kwa sababu ya maksi. Nauliza jambo moja tu: kwa nini jina la Kihispania, walilopewa Wafilipino wakati wa kutawaliwa, lipite katika insha ya Kiswahili bila kusimamishwa, na jina la chakula kinacholiwa kila siku kutoka Kolwezi hadi Dilolo lisipite?

Tuanze na neno la majira. Wengi wetu tulitafsiri majira yale kuwa vuli, kwa maana ndivyo vitabu vingi vinavyofanya. Lakini vuli ni ya pwani: ni mvua fupi za mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, zinazotofautishwa na masika. Kasaji hakuna mvua mbili. Mvua yetu ni moja, huanza karibu na mwezi wa kumi na kwisha mwezi wa nne, halafu ni ukavu na baridi. Na msitu wetu wa miombo hugeuka mwekundu mwezi wa tisa, wakati majani mapya yanapozaliwa kabla ya mvua. Mtoto wa Kasaji anayesoma kwamba misitu huwa myekundu majani yanapokufa anahitaji mwalimu wa kumweleza. Tulikubali kulibeba neno la pwani na kulipeleka Ulaya. Basi lugha ina nafasi, na neno la Lualaba haliwezi kuikosa kwa sababu ya ugeni.

Sasa tuitazame bukari kama wanaisimu. Kiswahili cha Katanga kimehifadhi kiambishi bu- cha ngeli ya 14 mahali ambapo pwani ilibaki na u-. Tunasema bunga kwa unga, bulongo kwa udongo. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba wanaita chakula hichohicho ubwali. Pia tumehifadhi l ambayo pwani iliidondosha: njala, kuzala. Masikio yaliyozoea njala na kuzala hayashangai kusikia vitumbula pale ambapo Dar es Salaam watu wanasema vitumbua. Hizi ni kanuni, nazo zinaweza kufundishwa ubaoni. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Johannes Fabian akaeleza mwaka 1986 jinsi utawala wa kikoloni ulivyoshughulika na Kiswahili cha Katanga. Tunawasoma wageni hawa kwa heshima, kisha tunakata kwa wino mwekundu yaleyale waliyosafiri mbali kuja kuyaandika.

Najua jibu litakalotolewa. Litasema kwamba lazima tuwe na Kiswahili kimoja ili Mtanzania na Mkenya watuelewe. Nakubali kwamba tunahitaji usanifu, na makala hii nimeiandika kwa Kiswahili sanifu kwa makusudi. Lakini Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwamo. Hatukukataliwa, hatukuulizwa tu. Tena usanifu huohuo unapokea ugali na sima pamoja. Wachokwe na Waluvale wa kwetu wanasema shima, nao wakifika Mombasa wataelewana mezani bila mkalimani. Kamusi yenye majina mawili ya chakula hicho haitapasuka kwa jina la tatu. Na katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Sidhani walioiandika walikuwa na Unguja akilini.

Wafilipino wenyewe wanatufundisha jambo. Muhogo wanauita kamoteng kahoy, yaani kiazi kitamu cha mti. Neno kamote lilitoka Mexico, katika lugha ya Kinahuatl, likavuka bahari na merikebu za Wahispania. Wanakuna muhogo, wanauchanganya na tui la nazi na kuuoka uwe keki. Mmea huohuo wa Amerika ulifika kwetu kwa njia nyingine, kupitia Angola, ukawa bukari na sombe. Jina la chakula huonyesha njia kiliyopitia na mikono iliyokipokea. Ukilifuta, unafuta ushahidi.

Hapo ndipo ninapofikia kikanda, kilichopewa alama ya kuuliza. Kwa asiyekijua: ni chakula cha viazi vidogo vya okidi zinazoota mbugani na kwenye mabonde yenye maji. Viazi hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa. Karanga hukaangwa na kutwangwa pia. Unga wa karanga huchemshwa kwa chumvi na pilipili, kisha unga wa kikanda hutiwa pamoja na magadi au maji ya majivu, na mpishi hukoroga mpaka mkono uchoke. Baadaye sufuria hufunikwa, makala ya moto huwekwa juu ya kifuniko, na mbabula hubaki chini. Moto juu na chini: huko ndiko kuoka kwetu. Kikipoa hukatwa vipande kama mkate. Zambia wanakiita chikanda, sisi kikanda. Chi- na ki-, ngeli ya 7 ileile, neno limevuka mpaka na kubadili vazi.

Lakini anayechimba kiazi anaua mmea, na biashara ni kubwa. Wachuuzi wa Zambia walikwenda mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na hofu hiyo ni moja ya sababu zilizofanya Kitulo iwe hifadhi ya taifa mwaka 2005. Biashara ya kimataifa ya okidi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ingawa sokoni sijamwona mtu akiuliza karatasi.

Kambo wangu anazijua aina tatu za kikanda, kila moja na jina lake, na anazitambua kwa vidole kwa sababu macho yamechoka. Mimi nilikuwa najua jina moja tu. Likizo iliyopita nilimletea kikanda kutoka mjini ili anifundishe mengine. Alitia mkono mfukoni, akausugua unga kati ya vidole, akaniuliza: «Hii ni ipi?» Sikuwa na jibu, wala muuzaji hakuwa nalo. Viazi vikishasagwa vyote huwa unga mmoja.

Kwa hiyo napendekeza kazi, na naipendekeza kwa kitivo chetu chote. Likizo ijayo kila mwanafunzi aende nyumbani na daftari, aandike maneno ya jikoni kwao: jina, ngeli, wingi, wakati wa mwaka, hatua za kupika, na jina la kila aina kabla haijasagwa. Walimu wakubali kazi hizo kama utafiti wa kuhitimu. Na katika kusahihisha, neno la mahali lipigiwe mstari na kuandikiwa pembeni «Kiswahili cha Lualaba», bila kufutwa. Kikanda kitangulie, kwa kuwa mmea na majina yake vinaweza kututoka pamoja. Kuandika jina si kumwita mtu akachimbe. Anayejua kwamba aina ni tatu ndiye atakayegundua zimebaki mbili.

Karatasi yangu bado ninayo. Chini ya ile alama ya kuuliza nimeandika majina matatu, kama kambo alivyonitajia.