Barua ya Karani: Kuuza Motokaa Iliyotunzwa



Juma hili tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani halikuwa letu sisi watu wa shamba, lakini siku hizi linatufikia mpaka vijijini. Mama mmoja mjane ameniandikia. Marehemu mumewe alikuwa mtumishi mjini. Alipostaafu alirudi kijijini na motokaa yake, Toyota Mark X, ambayo aliitunza kama mboni ya jicho. Sasa mzee hayupo, na motokaa imekaa chini ya mwembe miezi minane. Mwana wa kwanza asema isiuzwe, kwa kuwa ni ukumbusho wa baba. Wa pili asema iuzwe leo hii kwa dalali aliyekwisha kufika. Dalali naye ametoa shauri lake: mita ya kilomita irudishwe nyuma, na habari ya mlango uliogongwa zamani isitajwe. Mama auliza: "Nifanye nini, nami nina watoto wawili shuleni?"

Amenipa ruhusa nimjibu hapa, maana jambo hili si lake peke yake.

Kwanza tuijue mali yenyewe. Mark X ilianza kuuzwa Japani mwaka 2004, ikashika mahali pa Mark II. Ya mwisho ilitoka kiwandani Desemba 2019. Injini yake ina silinda sita, nayo iliyo ndogo kuliko zote ni ya lita 2.5. Nyingine ni za lita 3.0, na baada ya mwaka 2009 zikaja za lita 3.5. Pima sasa na zile Toyota ndogo za teksi, ambazo nyingi ni za lita 1.3 au 1.5. Ndani ina viti vya fahari na ukimya, na ukikanyaga mafuta yaruka kama swala. Iliundwa hasa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, ndiyo maana zilizoko kwetu karibu zote zilitumika kwao kwanza. Hata redio yake imetegwa kwa mawimbi ya huko, ya 76 mpaka 90, hata kuna stesheni zetu ambazo haizipati mpaka ifungwe kifaa.

Motokaa ya namna hii bei yake huanguka upesi kuliko ya gari la kazi. Yanywa mafuta mengi, iko chini mno kwa njia zetu za mashimo, na vipuri vyake si vya kuokota dukani. Kwa hiyo wanunuzi ni wachache, nao wana macho makali. Mmoja aipenda kwa uzuri wake, naye atalipa kwa ajili ya utunzaji. Wa pili ataka kushindana barabarani. Wa tatu ataka kuipata rahisi apate kuiuza ghali. Kazi yetu ni kumtafuta huyo wa kwanza.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini wema wa embe waonekana kwa macho na kwa pua, na wema wa injini umefunikwa kwa bati. Hapana budi uuonyeshe kwa ushahidi.

KUIWEKA AU KUIUZA. Kwa yule mwana wa kwanza nasema hivi: moyo wako ni mwema, lakini motokaa si picha ya kutundika ukutani. Ikikaa bila kwenda, betri hufa, matairi hupasuka ubavuni, petroli huharibika tangini, na panya hula nyaya. Mkiiacha miaka miwili, mtakuwa na ukumbusho wa kutu. Kama hapana mtu nyumbani mwenye uwezo wa kuitia mafuta na kuitengeneza, iuzwe ingali nzima. Hiyo ndiyo heshima ya kazi ya baba yenu.

MAMLAKA YA KUUZA. Motokaa ya marehemu haiuzwi na mjane kwa sababu ni mjane, wala na mwana kwa sababu ni mkubwa. Ukoo ukae kikao na kuandika muhtasari. Pachukuliwe cheti cha kifo. Kisha mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Karani wa mahakama atawaeleza ni mahakama ipi inayowahusu. Msimamizi huyo ndiye atakayetia sahihi ya kuuza, naye atatoa hesabu mahakamani. Dalali akikuambia, "Tuuze tu, kadi tutaitengeneza baadaye," mwambie aende na afya. Mnunuzi mwenye akili hatatoa fedha zake kwa mtu asiye na haki ya kuuza, na asiye na akili atarudi kesho na polisi.

KUIAMSHA MOTOKAA. Mwite fundi anayejua injini hizi. Abadili oili na betri, atazame breki, ajaze upepo, kisha iendeshwe kidogo kidogo. Ioshwe ndani na nje, lakini usiipake rangi mpya mwili mzima. Rangi mpya kwenye motokaa ya zamani humfanya mtu aulize imefunika nini.

KUKUSANYA USHAHIDI. Tafuteni sandukuni mwa mzee: kadi ya usajili, karatasi za forodha, cheti cha kutoka Japani, risiti za mafundi, na daftari kama aliandika. Mama aniambia kwamba mumewe aliandika kila oili aliyobadili, tarehe na kilomita. Mama, daftari hilo ni mali! Lina thamani kuliko magurudumu ya kung'aa. Watu wetu hupenda kutazama herufi za namba, "hii ni namba D, hii ni namba E," wakadhani wameujua umri wa motokaa. Herufi hizo zaeleza ilisajiliwa lini hapa Tanzania, hazielezi ilitoka kiwandani lini. Daftari na karatasi ndizo zisemazo habari yote. Lakini msitume picha ya kadi kwa watu msiowajua kwa njia ya simu. Wapo wanaoigiza kadi za wenzao.

Tena, usiseme usilolijua. Nasikia wauzaji wakijisifu, "Mkanda wa taimingi nimebadili juzi." Injini ya Mark X haina mkanda wa taimingi, ina mnyororo. Mnunuzi anayeijua motokaa hii akisikia hayo, hataamini hata jina lako.

KUSEMA KASORO. Hapa ndipo penye neno lenyewe. Dalali ataka mita irudishwe kutoka kilomita 148,000 hadi 80,000, apate kuuza ghali. Tazama jinsi uwongo huo unavyojulikana. Cheti cha Japani huwa kimeandikwa kilomita. Usukani umelainika, mpira wa kanyagio la breki umekwisha, kiti cha dereva kimebonyea. Risiti ya fundi ya miaka mitatu iliyopita inasema 110,000. Je, motokaa yaweza kurudi ujana? Na mnunuzi akigundua uwongo mmoja, kweli zako zote tisa huzitupa pamoja nao. Daftari la mzee, lililoandikwa kwa uaminifu miaka mingi, litageuka kuwa shahidi dhidi ya mkewe.

Mimi nilisomea ualimu, basi tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme kwa uwongo ingeuzwa shilingi 15,000,000, na kwa kweli 13,500,000. Tofauti ni 1,500,000, nazo ni fedha nyingi, sikatai. Lakini sheria ya mikataba ya nchi yetu yampa mtu aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Akija baada ya miezi mitatu kudai fedha zake, mama atazitoa wapi 15,000,000, hali ada imekwisha kulipwa? Dalali aliyeleta shauri hatakuwapo; sahihi si yake. Tena fikiri juu ya huyo mnunuzi. Ataihesabia motokaa kilomita zisizo zake, achelewe kubadili vitu ambavyo wakati wake umepita, naye yumo barabarani na watoto wake katika motokaa yenye mbio.

Sasa habari ya mlango. Mwambie mnunuzi kabla hajauliza: "Mlango wa nyuma wa kushoto uligongwa, ukanyooshwa na kupakwa rangi, risiti hii hapa." Mwenye macho ataiona rangi ile jua la asubuhi likiipiga, upende usipende. Kasoro ukiisema mwenyewe, huwa ni mlango mmoja. Akiivumbua yeye, huwa ni motokaa nzima. Na kama injini yala oili kidogo, sema ni kiasi gani kwa kila kilomita elfu moja. Mwache aikute injini imepoa, aiwashe mwenyewe, atazame moshi. Muuzaji anayeipasha moto injini kabla ya mgeni kufika ana neno analolificha.

BEI NA DALALI. Ulizeni bei za Mark X za mwaka ule ule na injini ile ile, mjini na katika matangazo, zisipungue tano. Namba ya chesisi ndiyo itakayowaambia injini: GRX120 na GRX130 ni za lita 2.5, GRX121 ni ya lita 3.0, na GRX133 ni ya lita 3.5. Kumbukeni kwamba bei ya tangazo ni bei ya matumaini. Inayolipwa huwa chini yake. Kisha jiwekeeni bei ya kutaja na bei ya mwisho, nayo ya mwisho aijue msimamizi na mama tu.

Sisemi madalali wote ni wabaya. Wengine ni watu wa haki, nao hufanya kazi ya miguu ambayo mama hawezi. Lakini jihadharini na kile kiitwacho cha juu. Dalali hukuambia mnunuzi ana 10,000,000, kumbe amemtajia 14,000,000. Zile nne zaingia mfukoni mwake. Dawa yake ni nyepesi: andikianeni kwanza malipo yake ni kiasi gani, onaneni na mnunuzi uso kwa uso, na fedha zote zifike kwanza kwa msimamizi. Dalali akikataa masharti haya matatu, amekwisha kujieleza mwenyewe.

KUJARIBU NA KULIPA. Mnunuzi aonyeshe leseni ya udereva na kitambulisho, mwandike namba. Asiende peke yake. Mmoja wenu akae ndani. Apande kilima, apite penye mashimo, afunge breki. Akitaka kuonyesha mbio kijijini, mshusheni hapo hapo. Mwendo wa penye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na mtoto wa jirani hana kipuri.

Arubuni ipokelewe kwa hati inayosema ni kiasi gani, ni ya siku ngapi, na itakuwaje biashara ikivunjika. Fedha zilizobaki zilipwe benki, ninyi wote mkiwapo. Msiamini ujumbe wa simu kwamba fedha zimeingia, maana ujumbe hutungwa. Ulizeni hesabu yenyewe. Ufunguo na kadi vitoke baada ya hapo, wala si kabla.

JINA KWENYE KADI. Hili ndilo wengi wasahaulo kwa furaha ya fedha. Mkataba uandikwe mbele ya wakili: majina, namba ya motokaa, ya chesisi na ya injini, kilomita zilizopo, kasoro zilizotajwa, bei, tarehe na saa ya kukabidhi. Naam, kasoro nazo ziandikwe. Maandishi hayo yatakulinda wewe muuzaji. Kisha nendeni pamoja ofisi ya TRA, au mfanye kwa njia yao ya mtandao, mpaka jina libadilike. Patanieni mapema nani atakayelipa ada na ushuru wa stempu. Zamani mnunuzi alidai stika ya ada ya barabara ya mwaka. Ilifutwa mwaka 2017. Lakini faini za barabarani hufuata namba ya motokaa, basi zitazameni kabla ya kukabidhiana, nanyi mkazilipe. Bima nayo isidhaniwe kuwa imehama pamoja na motokaa. Mnunuzi aiulize kampuni yake.

Huenda utasema, "Nimekwisha kuuza, jina lina shida gani?" Shida ni hii: motokaa ikigonga mtu usiku akatoroka, namba ndiyo itakayotafutwa, na namba itafika mlangoni kwako. Ofisini kwetu parokiani watu huja kuandikiwa barua za kuomba msaada kwa sababu ya pikipiki walizouza mwaka juzi bila kubadili majina. Motokaa kubwa huleta mashaka makubwa zaidi.

Kwa hiyo, Mama, mwambie dalali kwamba mita haiguswi. Kaeni kikao cha ukoo kwanza, mtafute msimamizi, kisha mfungue daftari la mzee mbele ya kila anayekuja kutazama. Itachukua majuma kadhaa zaidi, na pengine bei itapungua kidogo. Lakini fedha mtakazozipata zitakuwa zenu kweli kweli, nanyi mtalipa ada bila kutazama nyuma.

Juma lijalo nitajibu wale walioniuliza juu ya mikopo ya mbegu. Kwaherini.

Karani wenu.