NYUMBANI MWETU: Waya wa Tatu

Ndugu msomaji, katika nyumba moja huko Micheweni, kaskazini mwa Pemba, niliponyoosha mkono kulifungua jokofu nipate maji ya kunywa, bibi mwenye nyumba alinizuia. "Vaa ndara kwanza, mwanangu," aliniambia kwa upole. "Friji hili lina shoti kidogo." Wajukuu zake walikuwa wakicheza miguu mitupu hatua mbili tu kutoka pale. Kwao shoti ile ilikuwa kama tabia ya mbuzi apigaye pembe: dawa yake ni kumzoea.

Mwaka 2010 kebo ya chini ya bahari ilileta Pemba umeme kutoka Tanga, kisiwa kikaacha kutegemea majenereta ya dizeli. Majumbani umeme huo hufika kwa volti 230. Waya mmoja huuleta, wa pili huurudisha. Wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ambao mafundi huuita athi, hauna kazi siku za salama. Kazi yake ni siku ambayo waya wa ndani umechubuka na kuligusa bati la chombo: huupa umeme njia ya kwenda ardhini, ili fyuzi ikatike kabla mtoto hajaligusa. Ndiyo sababu pini yake katika plagi ni ndefu kuliko nyingine: huingia kwanza na kutoka mwisho.

Vijana wetu wanaojifunza elektroniki hulijua neno "ardhi" kwa maana nyingine. Chipu iitwayo ATmega328P, yenye miguu 28, ina miguu miwili ya ardhi, wa 8 na wa 22, na yote miwili hapana budi iungwe. Lakini ardhi hiyo si udongo. Ni njia ya kurejea ya umeme mdogo wa volti 5, na alama ya kupimia volti nyingine zote. Kijana akidhani ardhi zote ni moja, akaunga athi na waya wa kurudi ndani ya soketi ya nyumba, ameweka mtego: siku waya wa kurudi utakapokatika, bati la jokofu litabeba volti 230.

Micheweni kuna jambo la ziada. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni maweni, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Athi yenye ukinzani wa omu 100 itapitisha ampea 2.3 tu, fyuzi ya ampea 13 haitashtuka. Kwa hiyo fimbo ya athi yafaa ifikishwe penye unyevu, ipimwe kwa chombo wakati wa kiangazi, na nyumba iwekewe swichi ya kinga inayokata umeme mara ampea 0.03 zinapopotea njia.

Jioni ile tulilichomoa jokofu. Fundi aliyekuja asubuhi alifungua soketi akaukuta waya wa kijani na manjano umekunjwa nyuma yake, haukuungwa popote. Bibi aliutazama kwa muda mrefu, kisha akawaita wajukuu wakae mbali.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kipo chombo kinachoguswa kwa ndara, usikizoee. Kichomoe leo, umwite fundi.