UCHAMBUZI: Hukushika usukani, lakini deni la gari la kukodi litakufuata

WAKENYA wengi hukodi magari ya kujiendeshea wakati wa harusi, mazishi na likizo ya Desemba. Anayekodi hutia saini, huacha nakala ya kitambulisho na pesa za dhamana, kisha hukabidhiwa ufunguo.

Tatizo huanza ufunguo huo unapohamia mikononi mwa mwingine. Binamu anaomba gari afike sokoni mara moja, au rafiki analichukua usiku baada ya karamu. Ajali ikitokea, aliyelikodi hujitetea kwa maneno yale yale: si mimi niliyekuwa nikiendesha.

Utetezi huo unaweza kumfaa mbele ya mtu aliyegongwa. Mbele ya mwenye gari haumfai hata kidogo. Kuchanganya madeni haya mawili ndiko kunakowaponza wengi.

Deni la kwanza linatokana na mkataba. Aliyetia saini aliahidi kulirudisha gari likiwa salama, na mara nyingi aliahidi pia kwamba hakuna atakayeliendesha ila waliotajwa katika karatasi. Swali basi si nani alikuwa kwenye usukani, bali ni iwapo ahadi ilitimizwa.

Ikiwa ilivunjwa, anaweza kudaiwa gharama za ukarabati pamoja na mapato ambayo mwenye gari alikosa lilipokuwa gereji. Kampuni ya bima nayo ina sababu ya kukataa kulipia gari lililoendeshwa na mtu asiyeruhusiwa. Ni kweli anaweza kumshtaki binamu yake ili arudishiwe, lakini kumshtaki hohehahe ni kujiongezea ada ya wakili tu.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayemkabidhi tapeli gari, naye akaliweka rehani kwa mkopeshaji.

Deni la pili ni la aliyeumia. Hapa sheria ina huruma kidogo kwa aliyekodi. Katika kesi ya Morgans na Launchbury iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1972, mume alitumia gari la mkewe kwenda kulewa, akamwachia mwenzake usukani, na ajali ikatokea. Mahakama ya juu zaidi nchini humo iliamua kwamba mke hakuwajibika, kwani dereva hakuwa katika shughuli yake.

Mahakama za Kenya zimekuwa zikirejelea kanuni hiyo. Uliyemtuma binamu akuletee wageni kutoka kituo cha basi, uzembe wake barabarani unaweza kuhesabiwa kuwa wako. Akilichukua kwa starehe zake, mzigo kwa kawaida ni wake. Hata hivyo, ukimpa ufunguo mtu mlevi, unaweza kushtakiwa kwa uzembe wako mwenyewe. Na kumruhusu asiye na leseni kuendesha gari lililo chini yako ni kosa la jinai.

Yapo pia mambo ya bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kila gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaoumia. Lakini marekebisho ya mwaka wa 2006 yaliweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kila anayedai. Mahakama ikitoa fidia kubwa kuliko hiyo, kinachosalia kinawaangukia waliopatikana na hatia ya uzembe.

Kampuni zinazokodisha magari zina wajibu wa kuyaeleza haya kwa lugha ambayo mteja anaielewa, badala ya kuyaficha katika maandishi madogo ya Kiingereza ambayo mtu huonyeshwa akiwa na haraka ya kuondoka.

Mteja naye ana wajibu wake. Ikiwa kuna mwingine atakayeendesha, jina lake liandikwe katika mkataba kabla ya gari kuondoka. Aulize pia bima inamhusu nani na ni sehemu gani ya hasara atakayolipa mwenyewe.

Kumnyima jamaa ufunguo huleta lawama ya siku moja. Kumpa bila idhini ya mwenye gari kunaweza kuleta deni la miaka.