Jirani asipomshika mkono, mzee hukosa haki yake

Mtaani kwetu hapa Nairobi kuna ajuza mmoja ambaye ameugua shinikizo la damu kwa miaka mingi. Vidonge anavyotakiwa kumeza kila siku, yeye humeza leo na kuruka kesho ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Siku moja mwaka wa 2025 alizimia akiwa kwenye foleni ya maji, na majirani wakamkimbiza hadi kituo cha afya.

Pale mapokezini karani alitazama kompyuta, akasema nyanya amekwisha kusajiliwa katika bima ya afya. Kilichobaki ni kusoma nambari ya kuthibitisha iliyotumwa kwenye simu yake. Ajabu ni kwamba simu hiyo haikuwa yake.

Ilibainika kuwa miezi kadhaa awali alimwendea kijana mmoja mwenye duka la kompyuta. Kijana huyo alimtoza Sh200, akamjazia kila kitu, na kwa vile nyanya hakuwa na simu, akaweka nambari anayoijua mwenyewe. Tulipomtafuta tukaambiwa amekwisha kuhama. Siku hiyo ajuza alitibiwa kwa mchango wa majirani, ilhali jina lake lilikuwa ndani ya kompyuta ya Serikali.

Sisimulii kisa hiki kwa sababu ni kigeni. La, nakisimulia kwa sababu visa vya aina hii vimejaa mitaani. Maoni yangu ni kwamba wagonjwa wengi maskini hawakosi msaada kwa sababu haupo. Wanaukosa kwa sababu hakuna mtu wa kukaa nao chini, kuwasomea fomu na kuwasindikiza ofisini.

Hebu tutazame msaada wenyewe. Mpango wa Inua Jamii huwapa Sh2,000 kwa mwezi wazee waliotimu umri wa miaka 70 wasiopokea pensheni, familia zinazolea mayatima na watoto wanaoishi katika dhiki, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kwa mtu wa mshahara, hizo ni pesa za mafuta ya gari. Kwa ajuza wetu, ni vidonge vya mwezi mzima, unga na nauli ya kwenda kliniki.

Kwa upande wa matibabu, tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilitoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na ajira rasmi huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake ili mchango wake ukadiriwe, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Lakini hata ambaye hajalipa mchango, mradi amesajiliwa, ana haki ya huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo. Wangapi mtaani mwako wanalijua hilo?

Tatizo ni njia ya kuufikia msaada huo. Mzee aliyezaliwa kijijini kabla ya Uhuru mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na umri ulioandikwa kwenye kitambulisho chake ulikisiwa na karani. Kuna mwenye miaka 73 ambaye kitambulisho kinamfanya kijana wa miaka 66. Mwingine ameshika jembe maisha yake yote hadi alama za vidole zimefutika, na mashine haimtambui. Mwenye ulemavu naye hutakiwa kwanza kuchunguzwa na madaktari wa hospitali ya umma, kisha fomu zake zipelekwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtu asiyeweza kutembea atazunguka vipi kote huko peke yake?

Wapo watakaoniambia kwamba kazi hiyo ni ya Serikali, wala si ya jirani. Wana haki. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kinailazimu Serikali kuwasaidia wale wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea. Lakini haki iliyoandikwa kitabuni haimezwi kama kidonge. Tukingoja hadi kila ofisi irekebishwe, wagonjwa wetu watakuwa wamezikwa.

Isitoshe, sisi ni watu wa harambee. Mtu akifa, kamati huundwa usiku huohuo, na kabla ya juma kwisha pesa za jeneza na basi zimepatikana. Kwa nini tusiunde kamati ya aliye hai? Kila chama cha akina mama, kila kanisa na kila msikiti una mtu anayejua kusoma na kutumia simu. Mtu huyo akitenga asubuhi moja kwa mwezi kuwasaidia wazee wa mtaa wake, atakuwa ameokoa maisha bila kutoa hata senti.

Hata hivyo, msaada usio na uangalizi hugeuka kuwa wizi. Anayesaidia asimtoze mzee pesa. Asiweke nambari yake ya simu kwenye fomu mahali pa nambari ya mzee. Asihifadhi kitambulisho wala nambari ya siri ya mtu. Kama mzee hawezi kujiendea kuchukua pesa, Inua Jamii inaruhusu awe na mlezi wa kumwakilisha. Mlezi huyo na awe mtu wa familia anayeaminika, na majirani wawili watatu wajue ni nani. Nakala za fomu zote zibaki kwa mzee mwenyewe, na tarehe aliyofika ofisini iandikwe pamoja na jibu alilopewa. Karani huogopa kumzungusha mtu aliye na kumbukumbu.

Na tusiwadanganye wazee wetu. Kujaza fomu si kupata pesa. Usajili wa Inua Jamii haufunguliwi kila siku, na wapo waliotimu umri ambao bado wanangoja majina yao yaingizwe. Anayewaahidi wazee kwamba atawapitishia mlango wa nyuma ni tapeli, na chifu anafaa kujulishwa.

Serikali nayo ina lake la kufanya. Mwaka wa 2023 ilitoa mikoba ya kazi kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao hutembelea watu nyumba kwa nyumba. Wao ndio wanaomjua mzee aliyelala ndani siku tatu bila dawa. Wapewe mafunzo na idhini ya kuwaongoza wagonjwa katika maombi ya misaada yote, na walipwe posho yao kwa wakati. Vilevile, siku za kliniki ya sukari na shinikizo la damu, iwekwe meza moja ya ofisa wa ustawi wa jamii papo hapo. Mgonjwa asilazimike kulipa nauli mara mbili kwa maradhi mamoja.

Ajuza wetu alisaidiwa hatimaye. Katibu wa chama cha akina mama alimnunulia laini ya simu, akaandamana naye mara tatu hadi nambari ile ikabadilishwa. Sasa anatibiwa kituoni bila kuomba mchango wa mtu. Ombi lake la Inua Jamii bado halijajibiwa, lakini nakala yake iko chini ya godoro, na katibu anafuatilia.

Msomaji, jioni hii ukirudi nyumbani, bisha mlango wa mzee aliye karibu nawe. Muulize kama amesajiliwa, na nambari iliyoandikwa ni ya simu ya nani.