Usiniuzie Sungura Kama Huwezi Kuniambia Atakufa na Nini

Wiki hii mmenitagi kwenye video nne za sungura, na zote ni moja. Kijana yuko juu ya ploti, nyuma yake tangi la maji na mabati, amekumbatia sungura mdogo mweupe kifuani. Halafu hesabu inaanza. Jike anabeba mimba siku 31. Anazaa wanane. Mara sita kwa mwaka. Sasa weka majike watano, zidisha. Video ikiisha wewe tayari ni tajiri, na namba ya kuagiza iko pale chini.

Swali langu kwa hao wote wanne ni moja tu: kwenye hiyo hesabu, wale waliokufa mmewaandika wapi?

Najua mtaniuliza mimi ni nani wa kuongea. Haki yenu. Mwaka jana nilitengeneza video kama hizo, hapa hapa Umoja, Innercore, juu ya ploti yetu. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba sungura ni rahisi kuliko kuku, hana kelele, anakula mabaki ya mboga, hata chumba kimoja kinatosha. Wiki tatu baadaye, watoto 9 kati ya 11 walikuwa wamekufa. Niliwashusha ngazi usiku kwenye mfuko wa unga ili msimamizi wa ploti asinione. Na kwenye komenti watu walikuwa bado wananiuliza mbegu nimetoa wapi. Nikawapa namba ya aliyeniuzia. Sikusema kitu kuhusu ule mfuko.

Mmoja wao alikuwa msichana wa chuo anayeishi Tena. Alinunua sungura sita kwa pesa ya HELB. Alinitumia ujumbe: "Bro, wameanza kuharisha, nifanye nini?" Nilikaa na huo ujumbe siku nne kwa sababu sikuwa na jibu, na kusema sina jibu ingekuwa ni kukubali kwamba video yangu ilikuwa uongo.

Sasa wacha niseme nilichopaswa kusema.

Watoto wangu walianza vizuri. Niliwaachisha kunyonya, wakawa wanakula, wanaruka. Halafu mmoja akakonda mgongo huku tumbo limejaa kama ngoma. Manyoya yakasimama. Kinyesi kikawa laini, kikashika mkiani. Kesho yake watatu wako hivyo. Huu ugonjwa una jina na hata si wa ajabu: koksidiosisi. Wafugaji wa kuku wanaujua, ila vimelea vya kuku ni vyake na vya sungura ni vyake. Unapenda sana watoto wa mwezi mmoja hadi mitatu, hasa wakitoka tu kwa mama. Na mama mwenyewe anaweza kuwa navyo tumboni, mzima kabisa, anang'aa, huku anavimwaga kwenye kinyesi kila siku. Yule jike mnene uliyeonyeshwa kwenye video anaweza kuwa ndiye aliyewaua.

Lakini kuna kitu ambacho kingeokoa watoto wangu bila hata shilingi. Mayai ya hicho kimelea yakitoka na kinyesi bado hayajaiva. Yanahitaji siku moja au siku kadhaa, joto kidogo na unyevu, ndipo yaweze kuambukiza. Hiyo ni dirisha lako. Ukitoa kinyesi kila siku, na sakafu ikabaki kavu, umekata mzunguko. Ukingoja Jumamosi ndio usafishe, kama nilivyokuwa nafanya mimi kwa sababu maji huku yanakuja siku yanapotaka, basi umewawekea meza. Na usinipigie hesabu ya Jik. Nilimwaga Jik kama mwendawazimu na haikusaidia, kwa sababu hayo mayai yana ganda linalostahimili. Maji yanayochemka ndiyo yanayaua. Kwanguza kwanza, kausha, mwaga maji moto, kausha tena. Mambo ya brashi na birika, si mambo ya kamera, ndiyo maana hakuna anayeyaposti.

(Kuna watu wataandika kwamba sungura anaumwa kwa sababu anakula kinyesi chake. Hapana. Kile kinyesi laini anachochukua moja kwa moja ni chakula, ndicho kinampa vitamini na protini, na sungura mzima lazima akile. Shida ni kile kilicholala sakafuni na kwenye chakula.)

Kosa la pili nililifanya nikiwa na haraka. Niliingia duka la dawa za mifugo, nikasema sungura wanaharisha, kijana wa kaunta akanipa unga wa kuku. Hakuniuliza umri wao wala wanakula nini. Mimi pia sikusoma pakiti. Nilikuja kuisoma baadaye: amoksilini.

Hapa nataka msome polepole. Sungura anamenya chakula chake kwa bakteria walio kwenye utumbo wa nyuma. Dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini na ampisilini, akipewa kwa mdomo zinaua bakteria wazuri na kuacha wabaya waongezeke na kutoa sumu. Anaharisha zaidi, anakufa ndani ya siku chache. Dawa ambayo kuku anapewa na wewe mwenyewe unapewa hospitalini inaweza kummaliza sungura. Hadi leo sijui kwangu ni koksidiosisi iliyoua au ni mimi na ule unga. Kuna dawa za koksidiosisi ambazo sungura hupewa, zikiwemo za salfa, lakini kipimo kinatoka kwa mtu anayejua, si nyuma ya pakiti yenye picha ya jogoo.

Na chakula. Sisi watu wa Umoja tunajisifu na Mutindwa: unapita kwa mama mboga jioni, anakupa majani ya nje ya kabeji na sukuma bure, unapandisha juu. Mimi nilikuwa nawarushia mlima wa kabeji mbichi, bado ina maji. Sungura hawezi kutapika wala hawezi kucheua kama mbuzi, kwa hiyo gesi ikijaa mle ndani hana pa kuipeleka. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu. Boma Rhodes, hiyo hiyo ya ng'ombe, bora isiwe na ukungu. Mboga ni ya juu juu, kidogo, imenyauka na kukauka maji. Nyasi ndizo pia zinasaga meno yake, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua. Kwa hiyo "anakula mabaki ya mboga" ndiyo sentensi niliyoirudia kwa sauti kubwa zaidi kwenye video yangu, na ndiyo mbaya kuliko zote.

Mengine nitayapita haraka. Ukoko wa kahawia ndani ya sikio, anatikisa kichwa, anajikuna: ni utitiri. Unatibika vizuri kwa aivamektini akichomwa na mtu wa mifugo, na usiung'oe ukoko kwa mkono, unamuumiza bure. Upele wa puani na kwenye vidole ni utitiri wa aina nyingine, na huo unaweza kukuwasha hata wewe. Makamasi, kupiga chafya, manyoya ya miguu ya mbele yameganda kwa sababu anajipangusa pua: mtenge, usimpandishe, usimuuze. Vidonda chini ya miguu ya nyuma, angalia waya wako, mweke kipande cha ubao akalie. Joto la mabati saa nane mchana linaweza kuua jike mwenye mimba mbele yako. Na sungura asiyekula kwa nusu siku si sungura mwenye maringo, huyo ni mgonjwa tayari. Huyu mnyama huficha maumivu kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza.

Kuna wale watasema, "Wacha kutisha vijana, hata kuku hufa." Ndiyo, hufa. Lakini kuku akisinzia, nyanya yako kijijini anajua, jirani anajua, chanjo ya Newcastle iko kwa kaunta. Karibu kila familia Kenya ina mtu wa kuku. Mtu wa sungura ni nani kwenu? Kwetu hakuna. Mamangu aliangalia wale watoto akasema, "Labda ni baridi." Huyo ndiye alikuwa daktari wetu. Kwa hiyo anayeuza sungura mjini anauza mnyama ambaye mnunuzi hana hata shangazi wa kumuuliza, halafu anamwambia ni rahisi. Sasa huyo mnunuzi akampigie nani saa tatu usiku?

Na tusijifanye hatujawahi kuona hii sinema. Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 na 2014 kila mtu alikuwa na kware, mayai yalikuwa dawa ya kila kitu, wenye kuuza vifaranga wakatajirika na waliokuja mwisho wakabaki na mayai yasiyo na mnunuzi. Kule bei ndiyo iliua watu. Kwa sungura wengi hawafiki hata kwa bei. Wanaishia kwenye mfuko wa unga, na kwa sababu kila mtu anaona aibu, kila mtu anadhani amefeli peke yake. Muuzaji anakula kwa hiyo aibu. Mteja aliyefiwa anarudi kununua tena akidhani makosa ni yake.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua kuna watu nitakosana nao: kama unauza sungura, nionyeshe sakafu kabla ya kunionyesha watoto. Nigeuzie masikio. Niinulie miguu. Niambie mwaka huu wamekufa wangapi, wa umri gani, na ulifanya nini. Ukisema hakuna aliyekufa, nitaenda kwa mwingine, kwa sababu aidha unadanganya au hujafuga muda wa kutosha kujua. Na ndugu zangu wa maduka ya dawa, ukiwa si daktari wa mifugo, sema hujui. Kutibu wanyama nchi hii kuna sheria yake tangu 2011 na Kenya Veterinary Board inasajili wanaoruhusiwa. Uliza cheti, si matusi.

Wengine huficha mizoga kama mimi, wakiogopa mwenye nyumba na kaunti. Mwenye nyumba mtaongea naye. Lakini Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hiyo kufuga kwa masharti kunajulikana. Akifa mmoja, usimtupe. Mfunge vizuri, mweke mahali pa baridi asigande, mpeleke Kabete asubuhi. Kuna maabara ya serikali ya mifugo na kuna Chuo Kikuu cha Nairobi upande huo. Wakimpasua na wakaona ini lina madoa meupe, mara nyingi una jibu, na waliobaki wana nafasi. Mimi nilikuwa na mizoga tisa. Ningepeleka wa kwanza tu.

Video yangu ya mwaka jana nimeifuta jana usiku. Ilikuwa na watazamaji wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kufanya, na nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma.

Yule msichana wa Tena nilimjibu hatimaye, siku ya tano, nikamwambia kila kitu pamoja na ule mfuko. Alinyamaza wiki mbili. Amebaki na wawili. Juzi ameandika kwamba Jumamosi anabomoa kibanda akijenge upya na nifike saa mbili na brashi ya waya. Kamera, amesema, niiache nyumbani.