Hesabu za Makampuni Si Siri ya Wataalamu

Wako miongoni mwetu watu waliosoma, wengine wenye dhamana kubwa, ambao hadi leo wanaamini kwamba hesabu za makampuni makubwa ni mali ya wahasibu na wanasheria peke yao. Mwananchi akiuliza mgodi umepata faida gani, na katika faida hiyo Taifa limelipwa nini, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Jibu hilo ni kasumba, na leo halina hata kisingizio.

Tuanze na Marekani, ngome ya ubepari. Huko mabepari wenyewe hawaaminiani. Baada ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929, sheria ya mwaka 1934 iliunda Tume ya Hisa na Dhamana, na kila kampuni inayouzia umma hisa zake ililazimika kuwasilisha hesabu zake. Tangu miaka ya 1990 hesabu hizo huwekwa katika hifadhi iitwayo EDGAR, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila malipo.

Lakini kwa muda mrefu uwazi huo ulikuwa nusu uwazi. Ripoti moja huweza kuwa na mamia ya kurasa. Kulinganisha makampuni kumi kwa miaka kumi ilikuwa kazi ya kundi zima la makarani, na wenye uwezo wa kuwalipa makarani hao walikuwa matajiri. Siri ilitoka kabatini ikajificha katika wingi wa karatasi.

Mwaka 1998 mhasibu mmoja wa Marekani, Charles Hoffman, alitoa wazo ambalo baadaye lilizaa utaratibu uitwao XBRL. Katika utaratibu huo kila tarakimu hubeba lebo inayotaja ni kifungu gani cha hesabu, ni cha kampuni ipi, cha kipindi gani na kwa fedha ya nchi gani. Mwaka 2009 Tume iliamuru makampuni makubwa kuufuata, na mengine yakafuata baadaye. Zipo programu za kompyuta za kusomea hesabu hizo. Mojawapo, iitwayo Arelle, hutolewa bure. Programu hiyo hufungua ripoti, hupanga majedwali yake na kuonyesha kila tarakimu na lebo yake. Tena hufichua mahali ambapo kampuni imeacha lebo ya wote ikabuni yake yenyewe. Huenda ina sababu ya haki. Lakini msomaji amekwisha kujua pa kuulizia.

Je, mabepari walifurahia? Hata kidogo. Mwaka 2015 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuyaondolea wajibu huo makampuni yenye mapato yasiyofikia dola milioni 250 kwa mwaka, ingawa haukuwa sheria. Kisa cha madini na mafuta ni kibaya zaidi. Sheria ya mwaka 2010 iliyataka makampuni ya uchimbaji yatangaze, kwa lebo hizo hizo, fedha yanazozilipa serikali za nchi mbalimbali. Wenye mafuta walikwenda mahakamani, na kanuni ya kwanza ikafutwa mwaka 2013. Kanuni ya pili ilifutwa na Bunge lao mwaka 2017. Ya tatu ilipitishwa Desemba 2020 ikiwa imelegezwa, hata migodi ya eneo moja ikaruhusiwa kujumlishwa pamoja. Hakuna mtu anayepigana miaka kumi kuzuia jambo lisilo na maana.

Sasa tuje nyumbani. Mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti. North Mara na Bulyanhulu inaendeshwa na Barrick, na Serikali yetu ina asilimia 16 katika kampuni ya Twiga kwa makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2020. Hisa za makampuni hayo mawili ya kigeni huuzwa New York, na kwa hiyo taarifa zao huwasilishwa kwa Tume ile ile. Basi tujiulize: ni wangapi katika ofisi zetu za mipango na vyumba vya walimu wamewahi kuzifungua?

Wapo watakaosema kwamba chombo hiki ni cha mabepari. Ni kweli kilitungwa kwa ajili ya wanunuzi wa hisa. Lakini daftari la mwenye duka halibadilishi tarakimu zake kwa sababu limesomwa na mteja. Wengine watasema kwamba lebo haiufanyi uongo kuwa kweli. Hilo pia ni sahihi. Enron, iliyofilisika mwaka 2001, ilikuwa na hesabu zilizokaguliwa, nazo zilificha madeni. Aidha, hesabu za kampuni mama hujumlisha matawi mengi, na mgodi mmoja huweza kumezwa humo. Kwa sababu hiyo hasa wasomaji wanapaswa kuwa wengi, wawe na maswali, wasimwachie mkaguzi mmoja kazi yote.

Hapana budi tuchukue hatua. Mwalimu wa uwekaji hesabu awafundishe wanafunzi wake kwa mizania halisi ya kampuni inayochimba dhahabu nchini, badala ya mizania ya duka la kubuni. Mtumishi anayekwenda kujadiliana na mwekezaji awe amekwisha soma vitabu vya mwekezaji huyo. Na mashirika yetu ya umma yatoe hesabu zao kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzisoma, si picha za karatasi zilizopigwa mihuri. Hatuwezi kudai vitabu vya wageni vifunguliwe huku vya kwetu tukivifunga.

Mali ni ya umma. Asiyeweza kusoma hesabu ya mali yake atasomewa na mwingine, na atasomewa kile tu ambacho mwingine huyo anataka akisikie.